UZI: Vikundi vya bamama wa vijijini Kivu vimefanya kazi miaka na miaka. Historia yao iko wapi?

Binti wa Nyangezi (Bukavu)

Wandugu, salamu. Uzi huu ni mrefu, msome mkiwa na nafasi.

Kila tarehe 8 Machi bamama wa vijijini wanashuka mjini wakiwa wamevaa kitenge kimoja, wanapita mbele ya wakubwa, hotuba zinasomwa, halafu wanapanda tena kurudi Walungu, Kabare na Kalehe. Sijawahi kusikia hotuba hata moja inayosema kikundi hiki kilianza mwaka fulani, kwa shida fulani, na aliyewaita wenzake mara ya kwanza ni mama fulani wa kijiji fulani. Tunawapigia makofi kama watu waliozaliwa jana.

Jambo hili limezidi kuniuma tangu nilipoanza kusoma habari za chama cha bamama wa mashambani cha Canada, Women's Institute. Naomba niwasimulie, kisha turudi kwetu.

Mwaka 1889, mjini Hamilton katika jimbo la Ontario, mama mmoja aitwaye Adelaide Hoodless alifiwa na kitinda mimba wake, John Harold, mtoto wa miezi 14. Lawama iliangukia maziwa. Zama zile maziwa yalizungushwa mjini ndani ya mikebe isiyofunikwa, inzi wakitua watakavyo, na watu wengi hawakujua kwamba yanaweza kuua. Mama huyu hakuwa fukara. Mume wake alikuwa na kiwanda cha samani, nyumba ilikuwa nzuri, na bado hakuna aliyekuwa amemfundisha jambo ambalo lingeweza kumwokoa mwanawe. Hilo lilimkaa rohoni hadi alipokufa mwaka 1910, na alikufa akiwa jukwaani, anahutubia.

Wakati huo wakulima wanaume wa Ontario walikuwa na chama chao, Farmers' Institute, ambamo waliletewa wataalamu wa malisho na magonjwa ya mifugo. Hoodless akawa anazunguka akiwauliza watu: mnajifunza kulisha ng'ombe, je, mtoto nani amejifunza kumlisha? Mkulima mmoja, Erland Lee, alimsikia huko Guelph, akamwalika kijijini kwao Stoney Creek. Akaja mwezi wa pili mwaka 1897, akawashauri bamama waunde chama chao wenyewe. Baada ya wiki moja, tarehe 19 Februari, walikusanyika wanawake 101 na mwanamume mmoja, Lee mwenyewe. Mke wake, Janet Lee, ndiye aliyeiandika katiba kwa mkono, mezani pao pa kulia chakula. Nyumba ile sasa ni makumbusho.

Ile hesabu ya 101 ndiyo iliyonisimamisha. Miaka zaidi ya 125 imepita na bado inajulikana, kwa kuwa kuna mtu siku ile alihesabu na kuandika, na wengine baada yake wakatunza.

Chama kilienea haraka. Madge Watt, mjane aliyekuwa mwanachama wa kikundi cha Metchosin, British Columbia, alihamia Uingereza akitaka kukipanda huko, na kwanza hakuna aliyemjali. Vita vilipoanza mwaka 1914 mambo yakageuka: Waingereza walikuwa wanategemea chakula cha ng'ambo, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli. Septemba 1915 kikundi cha kwanza kikaanza Llanfairpwll, kisiwa cha Anglesey, Wales. Katika vita vya pili bamama hao walipewa sukari na serikali, wakaokota matunda yaliyokuwa yakiozea bustanini, wakapika jamu katika maelfu ya vituo vya vijijini. Mwaka 1933, huko Stockholm, vyama vya nchi nyingi viliungana kuwa Associated Country Women of the World, na Madge Watt akawa rais wake wa kwanza.

Halafu kuna vitabu vya Tweedsmuir. Kuanzia mwaka 1947 kila kikundi cha Ontario kilihimizwa kutunza kitabu cha historia ya kijiji chake: nani alifungua shamba lipi, shule ilijengwa lini, vijana gani hawakurudi vitani, pamoja na picha na vipande vya magazeti. Jina ni la Lord Tweedsmuir, aliyekuwa gavana mkuu wa Canada. Mke wake ndiye aliyewatia bamama moyo wa kufanya kazi hiyo. Leo mtu anayetaka kujua kijiji fulani cha Ontario kilivyokuwa anakwenda kufungua kitabu kilichoandikwa na wakulima wanawake.

Sasa turudi Kivu. Hoodless alipoteza mtoto, lawama ikawa maziwa. Kwetu muuaji aliitwa bwaki, yaani utapiamlo wa watoto. Wazee mnamjua: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, ngozi inabanduka, anakaa kimya hata kulia halii. Mdogo wake anazaliwa, yeye anaachishwa ziwa, anabaki kula mihogo na ndizi peke yake. Mwaka 1965 hapa Bukavu ilianzishwa Comité Anti-Bwaki kupambana na janga hilo, na jina lake liko kwenye makaratasi. Lakini uji haupikwi ofisini. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, ulikorogwa na bamama wa vijijini. Ni wao waliokwenda nyumba kwa nyumba kumshawishi mama mkwe akubali mtoto apewe maharage, ni wao waliombeba mgonjwa mgongoni hadi hospitali. Nimesoma ripoti za mashirika mbalimbali juu ya kazi za aina hiyo. Bamama wamo, wameitwa "wanufaika", na mbele ya neno hilo kuna tarakimu. Jina hakuna.

Tarehe 17 Oktoba 2010 Marche (maandamano) ya Dunia ya Wanawake ilifungwa hapahapa Bukavu, maelfu ya wanawake barabarani, wageni kutoka mabara yote. Muulize mtu leo ni vikundi gani vilitoka Mwenga au Shabunda siku ile, na vilifikaje.

Ninachotaka kusema ni hiki: asiyeandika mwenyewe ataandikwa na mfadhili, na mfadhili ataanza historia siku aliyofika yeye na gari lake. Vikundi vyetu vilikuwapo kabla ya gari. Wenye habari za vikundi vya mama zenu na nyanya zenu, leteni hapa.

---

Muzee wa Kadutu

Binti yangu, umeandika vizuri na nimesoma mpaka mwisho. Ila usiwapime mama zako kwa kipimo cha Canada. Wale walikuwa na serikali iliyowaletea mwalimu. Sisi tulikuwa na salongo. Enzi za Mobutu mama wa kijijini alitolewa kwenda kufyeka barabara, asipokwenda ni faini, na kiongozi akipita lazima acheze na kumwimbia. Asubuhi shamba, mchana soko la Mugogo, mzigo mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso, jioni kuni na maji. Shule walisoma kaka zao. Kikundi chao kilikuwa cha kulimiana kwa zamu, kumtunza mama aliyejifungua na kuzikana. Mambo hayo hayakuhitaji katiba, yalihitaji roho.

---

Binti wa Nyangezi

Muzee, asante, na hayo ya mkanda kwenye paji la uso ndiyo ninayotaka yaandikwe.

Kuhusu kutosoma, naomba utazame AVEC zetu, vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopeshana pesa. Kasha la chuma lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa bamama watatu wa nyumba tatu tofauti, na yule anayelaza kasha kwake hana ufunguo. Siku ya mkutano wanakaa kwa duara, kila mmoja na namba yake. Pesa inahesabiwa chini mbele ya macho ya wote, na kila hisa inapigwa muhuri kwenye kakitabu ka mwenyewe. Asiyejua herufi anapitisha kidole juu ya mihuri yake na kuihesabu, huwezi kumdanganya. Kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti na wote wanakishika kichwani. Mkutano unaofuata hawaanzi mpaka wakitaje tena, ndipo kasha linafunguliwa. Njia hii ilianzia Niger mwaka 1991, kwa bamama wa Maradi na shirika la CARE, ikafika hadi kwetu kwa sababu inamheshimu mtu asiyesoma.

Kwa hiyo kumbukumbu wanayo. Shida ni kwamba mzunguko ukiisha, karibu mwaka, pesa inagawanywa, vitabu vinaanza upya, na mihuri ya mwaka uliopita haina kazi tena. Hesabu inalindwa sana lakini habari ya kikundi hailindwi. Kila kikundi kina binti au mjukuu aliyefika sekondari. Huyo anatosha.

---

Wakili wa Nguba

Niongeze jambo la sheria, maana linawagusa wote watakaotafuta kwenye makaratasi.

Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mume wake kwa matendo ya kisheria yanayomfunga. Imebadilishwa Julai 2016. Fikirieni maana yake kwa kikundi cha kijijini: karibu miaka 30 prezida wa bamama akitaka kutia saini mkataba wa shamba la kikundi au kufungua akaunti, lazima mume asimame nyuma yake. Katika kazi yangu nimeona barua za vikundi vya wanawake zenye saini za wanaume watupu: mume wa prezida, katekista, mtoto wa chifu. Mtafiti akizifungua atasema wanaume ndio walioongoza.

Mkikutana na jina la mwanamume kwenye karatasi za zamani, msiishie hapo. Ulizeni mke wake alikuwa na cheo gani kwenye kikundi. Mara nyingi mtampata mwenye kazi.

---

Mwana Kamalondo (Lubumbashi)

Yaya, dada yangu, huku kwetu mambo yalianza kwa njia nyingine lakini kidonda ni kimoja. Enzi za Wabelgiji kulikuwa na foyers sociaux, vituo vya kufundishia wanawake, na Union Minière, kampuni ya madini, nayo ilikuwa na mafunzo yake kwa wake za wafanyakazi kambini. Kushona, kufuma, kupiga pasi, usafi wa mtoto, kupika. Picha zipo nyingi na ni nzuri: bamama wamejipanga mbele ya cherehani, nguo nyeupe, mtawa au bibi wa Kizungu amesimama pembeni. Soma maandishi chini ya picha. Bibi ana jina. Bamama ni "wake za wafanyakazi".

Nyanya yangu alipita humo. Alisema cherehani ilimfaa, ila kilichomfaa zaidi ni kujuana na wanawake waliotoka Kasai, Rwanda na Luapula, maana kambini kila mmoja alikuwa mgeni na hakuna dada wala shangazi wa kumwita usiku mtoto akiugua. Wakaanza likilimba yao (kuchangiana pesa kwa zamu) nje ya mafunzo, wakazikana wao kwa wao. Hiyo likilimba haikupigwa picha.

Kwa hiyo nakuunga mkono, lakini naongeza: kuwa na kumbukumbu nyingi haitoshi. Huku zipo tele, na bado mama zetu hawamo.

---

Wa Nakuru

Majirani, hodi. Hapa Kenya tuna Maendeleo ya Wanawake, ilianzishwa 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Wakati wa Mau Mau vilabu vyake vilitumika pia kuwavuta wanawake upande wa serikali. Baadaye ikawa ya Waafrika wenyewe, rais wake wa kwanza Mwafrika alikuwa Phoebe Asiyo. Ikafika 1987 ikaunganishwa na chama tawala, KANU. Historia yake imeandikwa vizuri sana kwa sababu ilikuwa na ofisi.

Lakini ukiniuliza ni kina mama gani waliobadilisha kijiji chetu, nitakwambia ni vikundi vya mabati. Kina mama wa Kenya ya kati walichanga pesa ya vibarua na mboga, wanamwezekea mmoja paa la mabati, kisha mwingine, mpaka nyumba za nyasi zikaisha. Paa la mabati lina maana kubwa kuliko mtu wa mjini anavyodhani: mvua ikinyesha unakinga maji mlangoni, hupandi tena mlima na mtungi. Waulize vijana wa leo nani alianzisha kikundi cha mabati cha kwao. Kimya.

Tahadhari yangu moja: wanasiasa wakisikia mnaandika historia watataka kuandikiwa dibaji.

---

Mwalimu wa Katana

Nimeruhusiwa na bamama wa kikundi kimoja cha huku nieleze daftari lao, bila kutaja kikundi.

Ni daftari la shule la kawaida, jalada limekwisha, limeshonwa upya kwa uzi wa gunia. Mwandishi alikuwa msichana aliyeishia darasa la nne, na mwandiko wake unakuwa mzuri zaidi kadiri kurasa zinavyosonga, unamwona anavyokua. Hakuna hotuba ndani yake. Kuna misiba: nani alileta mti wa kuni, nani sabuni, nani sombe (majani ya mihogo), nani hakuja na sababu yake. Kuna mama aliyeandikiwa "hakuleta kitu, alilala na mfiwa usiku tatu", na mbele yake wamemtia alama ileile ya waliotoa pesa. Kuna ugomvi wa jembe. Kuna mbegu ya maharage iliyogawanywa kwa kikombe.

Halafu inafika mwaka 1996, vita, na kurasa zimechanwa. Mama anayelitunza aliniambia walizichana wenyewe ili kuwashia moto porini, mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na mtoto mchanga. Ukurasa unaofuata ni wa 1999, unaanza na orodha ya majina ya walio hai.

Muzee wa Kadutu, hawa hawakuwa na katiba na bado waliandika. Nadhani kuna madaftari mengine chini ya vitanda, hatujauliza tu.

---

Birere Moja (Goma)

Mimi nina hofu, na naomba mnisikilize kabla ya kufurahia.

Mama yangu alikaa kambi ya Bulengo. Kikundi chao cha kijijini kilijiunda upya palepale kwenye mahema, wakauza makala (makaa) na mboga, wakawa na kasha. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, mabenki yakafungwa, pesa mkononi ikawa adimu, kambi zikavunjwa. Waligawana kilichokuwemo kabla ya wakati wake na kila mtu akashika njia yake. Daftari la majina walilichoma. Mama alisema: orodha kambini ni ya msaada, orodha barabarani inaweza kuwa ya kufa. Anayeikamata anajua nani ametoka kijiji gani na nani alikuwa na pesa.

Sasa mnamwambia aandike majina. Mtamlindaje?

---

Binti wa Nyangezi

Birere, mama yako yuko sahihi, na hakuna historia yenye thamani kuliko usalama wake. Alichokifanya na lile daftari ni kazi ya kiongozi.

Naona tutenganishe. Daftari la pesa na la wanachama wa leo ni siri ya kikundi, lisitoke, na hali ikiharibika lichomwe. Ninayoyatafuta mimi ni ya zamani: mwanzo wa kikundi, waliokwisha kufa, mambo ambayo kijiji kizima kinayajua hata bila karatasi. Kwa walio hai, wao wenyewe ndio waamue: jina kamili, jina la mtoto wa kwanza, au bila jina. Maandishi yasilale pale kikundi kinapokutania. Nakala moja iende kwa ndugu aliye mbali na vita. Na mahali ambapo hata hilo ni hatari, tusubiri. Mama yako akitaka kukusimulia wewe peke yako, msikilize tu, usiandike kitu mpaka aseme.

Mwalimu, yule aliyelala na mfiwa usiku tatu akatiwa alama sawa na watoa pesa, nimesoma hapo mara nyingi. Wafikishie salamu zangu.

---

Muzee wa Kadutu

Nimefuata yote. Dada yangu mkubwa yuko Burhinyi, macho yamepungua lakini akili ni timamu. Alikuwa mtunza pesa wa kikundi chao tangu tukiwa bado Zaire, na kati ya wale wa mwanzo nadhani amebaki yeye na mwenzake mmoja. Sikuwahi kumuuliza lolote juu ya hayo mambo. Kwetu mwanamume haingii kwenye mambo ya kikundi cha bamama. Barabara ikiruhusu nitapanda kwenda kumwona. Binti, niandikie hapa nimuulize nini.

---

Binti wa Nyangezi

Muzee, Mungu akujalie safari njema. Nenda na mmoja wa wajukuu wake wa kike, yeye ndiye aulize, wewe ukae karibu.

Muulize nani aliwaita mara ya kwanza, na kijijini kulikuwa na shida gani wiki ile. Walikutania wapi kabla ya kupata mahali pao. Pesa ya kwanza kabisa ilinunua nini. Mume gani alikataa, na walimfanyaje mpaka akanyamaza. Nani alitoka kwa ugomvi, na ugomvi ulikuwa wa nini. Hilo msiliruke hata akicheka. Wakati wa vita kasha au jembe vilifichwa wapi. Nani alikufa akiwa katika kazi ya kikundi. Kisha mwombeni aimbe nyimbo walizokuwa wakilimia, mzirekodi kwa simu, na msimkatize akisahau mstari.

Aongee Mashi kama anavyopenda, Kiswahili tutaweka sisi baadaye. Mkimaliza msomeeni yote mliyoandika, arekebishe, na yale atakayosema yatolewe yatolewe. Chochote kisiwekwe humu kabla hajakubali.